Shilingi ya Ziada Inanunua Nini?

Matini ya mazungumzo kwa walaji kuhusu ununuzi wa vifaa vya umeme vya nyumbani



Katika mazungumzo yetu na wananchi hakuna swali linalorudi mara nyingi kama hili: je, kuna faida kulipa zaidi ili kupata kifaa bora cha nyumbani, au ni kupoteza fedha tu? Mtu amesimama dukani Kariakoo. Mbele yake kuna pasi mbili, majokofu mawili, blenda mbili. Kwa macho vinafanana, lakini bei ya kimoja ni mara mbili ya kingine. Muuzaji anamhakikishia kwamba kile cha bei kubwa ni “orijino”. Jirani yake amemwambia kwamba vyote vinatoka kiwanda kimoja. Amwamini nani?

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la leo kizuri na kibaya vyote vinatembezwa, tena kwa matangazo ya aina moja. Kwa hiyo hatutawaambia mnunue cha bei kubwa, wala hatutawaambia mnunue cha bei ndogo. Tunawaomba mjiulize swali moja kila mnapolinganisha bei mbili: shilingi hii ya ziada inanunua nini? Ikiwa inanunua umeme mdogo, uhai mrefu, matengenezo rahisi au usalama, inafaa kufikiriwa. Ikiwa inanunua rangi, jina na vitufe, basi mnunuzi ajue kwamba hicho ndicho anacholipia.

Bei mbili za kila kifaa

Kila kifaa cha umeme kina bei mbili. Bei ya kwanza hulipwa dukani siku moja. Bei ya pili hulipwa nyumbani kidogo kidogo, kila tunapoingiza namba za LUKU katika mita, kila tunapomwita fundi, na siku ile tunapolazimika kununua kingine. Bei ya kwanza tunaiona na kuipigania hadi senti ya mwisho. Bei ya pili aghalabu hatuihesabu kabisa, ilhali kwa baadhi ya vifaa ndiyo kubwa zaidi.

Njia nyepesi ya kuanza ni kugawanya bei ya kifaa kwa miaka kitakayotumika. Pasi ya shilingi 25,000 inayokufa baada ya mwaka mmoja imemgharimu mwenyewe shilingi 25,000 kwa mwaka. Pasi ya shilingi 60,000 inayodumu miaka mitano imemgharimu shilingi 12,000 kwa mwaka. Hata hivyo, hesabu hii ina sharti moja: ni lazima kuwe na sababu ya kuamini kwamba ile ya pili itadumu miaka mitano. Bei kubwa peke yake si sababu. Sababu ni dhamana iliyoandikwa, vipuri vinavyopatikana, na ushahidi wa watu waliokwisha kuitumia kwa muda mrefu.

Pale ambapo kulipa zaidi kunalipa

Kanuni ya kwanza ni hii: kadiri kifaa kinavyokaa kwenye umeme kwa saa nyingi, ndivyo ubora wake unavyolipa. Jokofu, ambalo wengi wetu huliita friji, ndilo mfano ulio wazi kuliko yote, kwa kuwa halizimwi mchana wala usiku.

Tufanye hesabu ya mfano. Jokofu la kwanza linauzwa shilingi 600,000 na linatumia uniti 1.2 kwa siku. La pili, lenye ukubwa uleule, linauzwa shilingi 850,000 na linatumia uniti 0.6 kwa siku, kwa sababu kuta zake zimejazwa vizuri zisipitishe joto na kompresa yake ni ya inveta, yaani hupunguza mwendo badala ya kuwaka na kuzima kwa nguvu zote. Tofauti ya bei ni shilingi 250,000. Tofauti ya umeme ni uniti 219 kwa mwaka. Tukichukua shilingi 350 kwa uniti, jokofu la pili linaokoa shilingi 76,650 kila mwaka. Katika muda wa miaka mitatu na miezi michache, nyongeza yote ya bei imekwisha kurudi. Likidumu miaka kumi, mwenye nalo atakuwa amebakiwa na zaidi ya shilingi 500,000 ambazo jirani yake amezilipia umeme.

Lakini hesabu hiyo si ya kila nyumba. Wateja wa majumbani wenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, wamewekewa bei nafuu ya umeme. Kwa nyumba ya namna hiyo, tuseme kwa shilingi 100 kwa uniti, jokofu la pili linaokoa shilingi 21,900 tu kwa mwaka, na ingechukua zaidi ya miaka kumi na moja kurudisha nyongeza ya bei. Je, hapo tuseme haifai? Tusikimbilie jibu. Ikiwa nyumba hiyo hutumia uniti 50 kwa mambo mengine, jokofu la kwanza litaongeza uniti 36 kwa mwezi na kuivusha mpaka wa 75. Jokofu la pili litaongeza uniti 18 na kuiacha chini ya mpaka. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kila mmoja apige hesabu ya nyumba yake mwenyewe, si ya jirani.

Namba za kufanyia hesabu hii hupatikana kwenye kibandiko cha matumizi ya nishati kinachowekwa mlangoni mwa majokofu mengi mapya. Herufi kubwa A hadi G, au idadi ya nyota, huonyesha daraja. Lililo muhimu zaidi ni ile namba yenye alama kWh, ambayo ndiyo uniti tunazonunua. Ikiwa imeandikwa kwa mwaka, igawe kwa 365 upate matumizi ya siku. Namba hiyo imepimwa maabara, kwa hiyo katika joto la Dar es Salaam au Tanga matumizi halisi yanaweza kuzidi. Hata hivyo, kwa kulinganisha majokofu mawili yaliyopimwa kwa utaratibu mmoja, hakuna kipimo kilicho karibu zaidi na mnunuzi.

Taa nazo zimo katika kundi hili. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwashwa saa tano kila usiku, hula karibu uniti 110 kwa mwaka. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga wa kiasi hichohicho kwa uniti zisizofika 17. Kwa bei ya shilingi 350 kwa uniti, tofauti ni zaidi ya shilingi 32,000 kwa balbu moja tu.

Pale ambapo nyongeza hainunui umeme mdogo

Vifaa vya kupashia joto vina hali tofauti. Birika la umeme la bei ndogo na birika la bei kubwa hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Kuchemsha lita mbili za maji huhitaji takribani moja ya tano ya uniti, liwe birika la namna gani. Birika lenye wati nyingi huchemsha haraka zaidi, lakini kwa maji yaleyale haliokoi umeme wa maana. Ndivyo ilivyo kwa pasi pia. Kwa hiyo muuzaji anayesema kwamba birika lake la bei kubwa “halili umeme” anatangaza jambo ambalo kanuni za maumbile hazikubali.

Je, hakuna sababu yoyote ya kulipa zaidi kwa birika? Ipo. Birika jema hujizima maji yanapochemka, na hujizima pia likiwashwa bila maji. Sehemu yake ya kupashia joto imefunikwa, hivyo huweza kusafishwa magadi ya maji ya visima yenye chumvi, kama yale yanayojulikana sana Dodoma. Ukiwa na hayo, umepata unachohitaji. Taa za buluu, kioo cha kuonyesha nyuzi joto na sauti ya muziki ni mapambo.

Jiko la umeme la presha ni kifaa cha joto kinachotofautiana na hivyo. Ubora wake hautokani na bei, bali unatokana na namna linavyofanya kazi: limefunikwa, halipotezi mvuke, na presha ikishafika hupunguza umeme lenyewe. Kwa maharage, makande na nyama ngumu linatumia sehemu ndogo tu ya umeme unaotumiwa na jiko la sahani. Taifa letu limejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na majiko haya yatazidi kuingia sokoni. Mnunuzi aangalie kwanza uimara wa mfuniko, mpira wake na tundu la kutolea mvuke, na aulize kama mpira huo unauzwa peke yake. Jiko ambalo mpira wake haupatikani ni jiko la muda mfupi, hata kama lina vitufe kumi na vinne.

Mashine zenye mota

Kwa blenda, mashine za kusagia na feni, tofauti ya bei imejificha ndani. Mota yenye nyaya za shaba na mashikio ya chuma hustahimili joto. Mota iliyopunguzwa gharama huungua mapema. Mnunuzi hawezi kuifungua dukani, na wati nyingi zilizoandikwa kwenye boksi si ushahidi wa nguvu.

Kuna dalili moja ambayo wengi hawaijui. Geuza blenda, usome kibandiko cha chini. Mara nyingi utakuta herufi KB zikifuatwa na idadi ya dakika, kwa mfano KB 1 min. Maana yake ni kwamba mashine haikukusudiwa kufanya kazi mfululizo zaidi ya dakika hiyo moja. Inapaswa kupumzishwa ipoe. Mama anayesaga matunda ya kuuza juisi kutwa nzima kwa blenda ya namna hiyo ataiunguza, na atasema ni mbovu. Huyo ndiye anayestahili kulipa zaidi kwa mashine ya biashara, kwa kuwa chombo chake ni mtaji wake. Lakini familia inayosaga parachichi mara mbili kwa wiki haina sababu ya kununua mashine ya hoteli.

Kutengenezeka ni sehemu ya ubora

Kifaa bora kisichotengenezeka hapa petu si kifaa bora kwetu. Nchi za Umoja wa Ulaya zililitambua jambo hili katika kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2021: watengenezaji wa majokofu wanalazimika kuwa na baadhi ya vipuri kwa angalau miaka saba, na wa mashine za kufulia kwa miaka kumi. Kanuni hizo haziwalazimishi wauzaji wa kwetu, lakini swali lake tunaweza kulichukua: kipuri kinapatikana wapi, na kwa muda gani?

Kabla ya kulipa, zungumza na fundi wa mtaani kwako. Yeye anajua kompresa ipi inapatikana, mota ipi inasukwa upya, na jina gani kubwa halina kipuri hata kimoja mjini. Jina la kawaida lenye vipuri katika kila duka linaweza kukufaa kuliko jina tukufu ambalo kadi yake ya umeme huagizwa nje kwa bei inayokaribia ya kifaa kipya. Wakaao pwani na visiwani waongeze swali la kutu, kwa kuwa upepo wa chumvi hula bati lililopakwa rangi hafifu.

Vilivyotumika

Wengi huamini kwamba kifaa kilichotumika Ulaya au Asia ni bora kuliko kipya cha bei ndogo. Huenda ikawa kweli, na huenda isiwe. Soma kwanza kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Vifaa vya Japani vimetengenezwa kwa volti 100 na vya Marekani kwa volti 120. Ukivichomeka moja kwa moja vinaungua, na hata ukinunua transfoma umeongeza gharama. Kwa jokofu, bana kipande cha karatasi mlangoni kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na umeme utakuwa unapotea usiku kucha. Angalia pia aina ya gesi. Majokofu ya zamani sana yenye gesi ya R-12 ni ya kuepukwa: gesi hiyo ni miongoni mwa zile ambazo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulikusudia kuziondoa, na kulijaza upya ni shida.

Ghali bandia na suala la usalama

Kuna hasara iliyo kubwa kuliko kununua kibovu kwa bei ndogo, nayo ni kununua kibovu kwa bei kubwa. Bidhaa bandia huvaa jina la bidhaa njema na bei yake pia. Chunguza maandishi ya boksi na ya kifaa kama yanalingana, tahajia ya jina, namba ya toleo, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa bidhaa zinazopaswa kuwa nayo. Bei iliyo chini mno kwa jina kubwa ni onyo.

Katika usalama hatushauri kubana matumizi hata kidogo. Ekstensheni yenye waya mwembamba, plagi inayolegea na pasi isiyojizima huweza kuteketeza nyumba. Kama fedha hazitoshi, ni afadhali kukosa blenda kuliko kuwa na ekstensheni hafifu inayobeba jokofu, pasi na jiko kwa pamoja. Plagi au waya ukipata moto wakati wa matumizi, zima swichi, chomoa, wala usiirudishe mpaka fundi aitazame.

Tukumbuke vilevile kwamba umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo hauheshimu bei. Jokofu la mamilioni linaweza kufa siku moja na lile la bei ya chini. Mwenye kununua jokofu atenge fedha ya kifaa cha kulilinda, kinachokata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi na kuchelewesha kuwaka kwa dakika kadhaa baada ya umeme kurudi. Ikibidi kuchagua kati ya jokofu la gharama lisilolindwa na la wastani linalolindwa, tungechagua la pili.

Kwa mwenye kipato kidogo

Tunajua kwamba ushauri wa “nunua kizuri kidumu” ni mwepesi kwa mwenye fedha mkononi. Asiyekuwa nazo hununua cha bei ndogo, kinaharibika, ananunua tena, na mwishowe amelipa zaidi ya tajiri. Kwake tuna mashauri matatu. Kwanza, apunguze ukubwa kabla ya kupunguza ubora: jokofu dogo jema lina faida kuliko kubwa hafifu. Pili, mchezo wa upatu au akiba ya kikundi humpa nafasi ya kusubiri miezi michache na kununua mara moja. Tatu, awe mwangalifu na malipo ya awamu. Jokofu la shilingi 700,000 linalolipwa shilingi 80,000 kwa miezi 12 limeuzwa kwa 960,000. Nyongeza hiyo ya 260,000 inameza akiba yote ya umeme ya zaidi ya miaka mitatu katika mfano wetu wa kwanza. Jumlisha awamu zote kabla ya kutia sahihi.

Haki inayoambatana na bei

Aliyelipa zaidi amelipia pia ahadi, na ahadi isiyoandikwa ni vigumu kuidai. Dai risiti ya mashine ya EFD yenye jina la bidhaa. Soma dhamana, yaani waranti: imetolewa na nani, inaanza lini, inahudumiwa wapi, na inagusa nini. Tangazo la “miaka kumi” kwenye jokofu mara nyingi ni la kompresa peke yake, na kazi ya fundi na gesi huweza kuwa juu yako. Washa kifaa dukani kabla ya kuondoka.

Tangazo la ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi lisikufunge mdomo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imeweka masharti kuhusu bidhaa kulingana na maelezo yake na kufaa kwa kazi iliyonunuliwa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha na kumdanganya mlaji. Anza kwa kumwandikia muuzaji, ukiambatisha nakala ya risiti. Asiposikia, Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji, na TBS hushughulikia bidhaa zisizokidhi viwango. Kwa upande wa Zanzibar ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na Taasisi ya Viwango Zanzibar.

Maswali ya kwenda nayo dukani

Tunahitimisha kwa maswali matano. Kifaa hiki kitakaa kwenye umeme kwa saa ngapi kwa siku, na kinakula uniti ngapi? Kitafanya kazi ya nyumbani au ya biashara? Kipuri chake kinapatikana wapi, na fundi ni nani? Dhamana yake inagusa nini hasa? Na kama kuna kingine cha bei ndogo, hiki cha bei kubwa kinanizidishia nini?

Muuzaji akiweza kulijibu swali hilo la mwisho kwa jambo unaloweza kulipima au kulisoma kwenye karatasi, huenda bei yake ni ya haki. Akijibu kwa jina na sifa tupu, rudisha fedha mfukoni, upite duka la pili. Fedha ni jasho lako, na kuuliza hakulipiwi.